Upanga na Sihiri Mkononi Mmoja: Uwiano wa Wahusika Mseto katika Dungeons & Dragons na Michezo Iliyozaliwa Nayo

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kumkabili mhusika akiwa amekwisha kuumbwa. Mtunzi amemaliza kazi yake, amemgawia mhusika huyo nguvu na udhaifu apendavyo, na mhakiki huja nyuma kuuliza kwa nini. Iwapo mhusika mmoja amependelewa hata wenzake wakawa vivuli vyake, hilo huhesabiwa kuwa ni uamuzi wa kisanaa na hakuna anayedhulumiwa kwalo, maadamu kivuli hakina mwenyewe wa kukilalamikia. Hali hugeuka kabisa pale ambapo nyuma ya kila mhusika ameketi mtu hai anayengoja zamu yake ya kusema. Hiyo ndiyo hali ya michezo ya dhima ichezwayo mezani, utanzu ambao wahakiki wengi wameupuuza kwa kuudhania kuwa ni burudani ya vijana tu, ilhali ni usimulizi wa pamoja wenye kanuni zilizoandikwa, na kanuni hizo ni matini yanayoweza kuhakikiwa kama matini mengine yoyote.

Makala haya yanachunguza suala moja mahususi katika utanzu huo, nalo ni namna kanuni zinavyompima mhusika mseto, yaani yule anayeshika silaha na papo hapo akawa mjuzi wa sihiri. Matini ya msingi ni Dungeons & Dragons, mchezo uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson nchini Marekani na kuchapishwa mwaka wa 1974 katika vijitabu vitatu, pamoja na matoleo yake ya baadaye na mchezo wa Pathfinder uliochipuka kutokana nao mwaka wa 2009. Dai linalotetewa ni kwamba uwiano wa mhusika mseto si jambo la hesabu peke yake. Ni jambo la usimulizi: nani hupewa nafasi ya kuwa shujaa, katika tukio lipi, na kwa gharama ya nani.

Kwa msomaji asiyeufahamu utanzu huu, yafaa ielezwe kwa ufupi kwamba wachezaji wachache huketi mezani. Mmoja wao, msimamizi, husimulia ulimwengu wa hadithi na kuwasemea wahusika wote wasio na mchezaji. Waliosalia kila mmoja humwongoza mhusika wake. Yasiyo na hakika huamuliwa kwa dadu. Kila mhusika ana taaluma, kwa mfano mpiganaji, msihiri, kasisi au mwizi, na katika taaluma hiyo hupanda ngazi kwa ngazi kadiri anavyojikusanyia alama za tajiriba. Sihiri nazo zina madaraja yake. Za daraja la kwanza huwasha mshumaa au kulaza maadui wachache usingizi, na za daraja la tisa hutikisa dunia.

Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka wa 1928, alionyesha kuwa wahusika wa ngano huainishwa vyema zaidi kwa nyanja za matendo yao kuliko kwa majina au sura zao: yupo shujaa, yupo adui, yupo mhisani atoaye kifaa cha ajabu, yupo msaidizi. Taaluma ya mchezo wa dhima ni uwanja wa namna hiyo hiyo. Mwizi ni yule ambaye mlango uliofungwa ni wake. Kasisi ni yule ambaye jeraha ni lake. Propp mwenyewe alikiri kwamba mhusika mmoja aweza kushika nyanja zaidi ya moja, na katika ngano jambo hilo halimsumbui yeyote. Msaidizi akiwa pia ndiye mhisani, hadithi hufupika tu. Mezani mambo ni mengine. Mhusika anayetwaa nyanja mbili huenda akawa ametwaa uwanja wa jirani yake, na jirani huyo yupo pale pale, anatazama.

Neno Juu ya Istilahi

Jina alilopewa mtumiaji wa sihiri katika vijitabu vya 1974 halikuelemea wema wala ubaya. Kiswahili hakina msamiati wa kimya kama huo. Mchawi ni mtu wa shari, mlozi ni ndugu yake, na mganga hukaa upande wa tiba. Kumwita mhusika huyu mchawi ni kumhukumu kabla hajatenda lolote, na kumwita mganga ni kumpa kazi ya kasisi. Katika makala haya anaitwa msihiri, ijapokuwa kitenzi kusihiri nacho hakikosi shombo la shari. Manju, kwa upande wake, amekaa pahali pake barabara: mwimbaji anayeongoza ngoma, ambaye maneno yake yana nguvu juu ya wasikilizaji, ndiye hasa anayekusudiwa na mchezo. Ama elfi, yule kiumbe wa ngano za Ulaya ya Kaskazini, asichanganywe na idadi.

Elfi wa 1974 na Warithi Wake

Mseto ulikuwamo katika mchezo tangu mwanzo. Taaluma zilikuwa tatu tu, yaani mpiganaji, msihiri na kasisi, na huyu kasisi, akitazamwa vizuri, tayari alikuwa mseto. Alivaa deraya, alipiga kwa rungu, na baada ya ngazi ya kwanza aliomba sihiri za kuponya. Hata hivyo hakuna aliyemwona kuwa mseto, na sababu yake inastahili kukumbukwa katika mjadala utakaofuata: uponyaji ulikuwa wake peke yake. Alikuwa na upungufu wa nguvu kando ya mpiganaji na upungufu wa maajabu kando ya msihiri, lakini alikuwa na tendo ambalo wote wawili walilihitaji na hakuna kati yao aliyeweza kulitenda.

Mseto uliokiriwa ulikuwa wa elfi. Vijitabu vya 1974 vilimruhusu kuwa mpiganaji au msihiri na kubadili kutoka safari moja hadi nyingine, lakini si katikati ya mchezo mmoja. Zaidi ya hayo aliwekewa ukomo wa ngazi ya 4 katika upiganaji na ngazi ya 8 katika usihiri. Lugha ya kifungu hicho ina utata, na wachezaji wameifasiri kwa njia nyingi, ila nia yake haijifichi. Elfi ni watu wawili wanaochangia jina moja. Leo huja huyu, kesho huja yule. Suluhisho hilo ni la usimulizi kabla ya kuwa la hesabu, kwa kuwa linahakikisha kwamba katika usiku wowote mmoja elfi yumo katika uwanja mmoja tu.

Kitabu cha wachezaji cha mwaka wa 1978 kiliondoa kizuizi hicho na kuweka hesabu mahali pake. Mhusika asiye binadamu aliweza kuwa mpiganaji na msihiri kwa wakati mmoja, mradi kila alama ya tajiriba aliyoipata igawanywe sawa kwa taaluma zake mbili. Kwa mtazamo wa haraka kanuni hii ina haki kamili: anayetaka vitu viwili apate nusu ya kila kimoja. Jedwali la ngazi, hata hivyo, linasema vingine. Katika ngazi za chini alama zinazohitajika hukaribia kuongezeka maradufu kila ngazi moja inapopandwa. Mhusika wa taaluma moja mwenye alama 90,000 yuko katika ngazi ya 7, awe mpiganaji au msihiri. Mseto mwenye alama hizo hizo huzigawa, akapata 45,000 kila upande, na jedwali linamweka katika ngazi ya 6 ya upiganaji na ngazi ya 6 ya usihiri. Amelipa nusu ya mali yake, akapungukiwa ngazi moja. Aliyeketi kando yake na mpiganaji wa ngazi ya 7 ana kila sababu ya kuuliza ni nini alichofaidi kwa kukaa katika taaluma yake kwa uaminifu.

Waandishi walilijua hilo, na ndiyo maana waliuhifadhi ukomo wa ngazi kwa wasio binadamu. Huo ulikuwa ufumbuzi dhaifu. Ukomo ni adhabu ya kesho kwa faida ya leo. Kikundi ambacho hadithi yake hukoma kabla ya kuufikia hakilipi deni hilo kamwe, na kikundi kinachoufikia hujikuta na mhusika aliyesimama kando ya njia huku wenzake wakiendelea na safari. Wa kwanza anamdhulumu jirani, wa pili anadhulumiwa, na kanuni ni ile ile moja. Binadamu naye aliwekewa utaratibu wa ajabu zaidi. Aliweza kuiacha taaluma yake na kuanza nyingine kutoka ngazi ya kwanza, lakini akitumia ujuzi wa zamani kabla ngazi ya taaluma mpya haijaipita ile ya kwanza, alipoteza tajiriba ya safari hiyo. Mpiganaji aliyegeuka msihiri alilazimika kuuacha upanga alani hata adui akimkaribia. Kama masharti ya mchezo ni makali, na wengi hawakuyavumilia, lakini kama picha ya mtu anayejifunza upya na kujizuia asirudie mazoea yake ni mojawapo ya vifungu vichache vya kitabu hicho vyenye hadithi ndani yake.

Chapisho la wanaoanza la mwaka wa 1981, lililohaririwa na Tom Moldvay, lilifuata njia iliyo nyofu zaidi. Elfi alifanywa taaluma inayojitegemea. Ili afike ngazi ya pili alihitaji alama 4,000, ambapo mpiganaji alihitaji 2,000 na msihiri 2,500, na mwisho wake ulikuwa ngazi ya 10. Bei iliandikwa mlangoni, na kila aliyeketi mezani aliiona.

Kosa la Mwaka wa 2000

Kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua TSR mwaka wa 1997, na miaka mitatu baadaye ikatoa toleo la tatu lililosanifiwa na Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams. Toleo hilo lilisawazisha mambo mengi. Taaluma zote zilitumia jedwali moja la tajiriba, na mhusika yeyote aliruhusiwa kuchukua ngazi ya taaluma yoyote wakati wowote. Uhuru huo ulipokelewa kwa furaha. Hapo ndipo mhusika mseto alipopata pigo kubwa kuliko yote.

Chukua mfano wa mhusika wa ngazi ya 20 aliyegawa maisha yake nusu kwa nusu, ngazi 10 za upiganaji na 10 za usihiri. Nyongeza yake ya shambulio ni 15, wakati ile ya mpiganaji halisi ni 20. Kwa upande wa sihiri, huishia daraja la tano, wakati msihiri halisi amefika la tisa. Deraya nzito kuliko zote ilimpa uwezekano wa asilimia 35 wa sihiri yake kuharibika, kwa hiyo hata vazi la taaluma moja lilikuwa adui wa taaluma ya pili. Akisimama mbele ya maadui waliotungwa kwa ajili ya ngazi ya 20, upanga wake hukosa mara nyingi na sihiri zake huwateleza.

Kosa lilikuwa wapi? Kanuni zilichukulia kuwa ngazi ni matofali yanayolingana, ambayo yanaweza kujengwa ukuta wowote. Lakini usihiri haukui kwa kuongeza tofali juu ya tofali. Ngazi ya kumi ya usihiri huja juu ya tisa zilizotangulia na kuzipa zote nguvu mpya: sihiri za zamani huumiza zaidi, idadi yake huongezeka, na juu yake hufunguliwa daraja ambalo halikuwapo. Ngazi hiyo hiyo ikiwekwa juu ya ngazi tisa za upanga haizipi chochote. Wasanifu walikuwa wamesawazisha bei na kusahau kwamba bidhaa hazikulingana.

Tiba iliyotolewa katika marekebisho ya mwaka wa 2003 ilikuwa ni kubuni taaluma za ziada zilizokusudiwa kuwaokoa waliogawanyika. Mojawapo iliendeleza sihiri za kikasisi na za kisihiri kwa pamoja katika kila ngazi. Mhusika aliyeingia humo baada ya ngazi tatu za ukasisi na tatu za usihiri alibaki nyuma ya wenzake kwa ngazi tatu tu katika kila upande, na katika ngazi za juu hilo lilivumilika. Lakini kabla ya kuupata mlango huo ilimbidi aishi ngazi sita za unyonge. Huu ni ukomo wa 1978 uliopinduliwa kichwa chini: lipa leo, ufarijiwe kesho. Waliotetea mpango huu walisisitiza subira. Subira ni sifa njema kwa msomaji wa riwaya, anayeweza kufungua kurasa za mbele akaona kama mhusika wake atafanikiwa. Mchezaji hana kurasa za mbele, ana usiku wa leo tu.

Na wakati mseto aliyekiriwa akizimia hivyo, mseto asiyekiriwa alikuwa akinawiri. Kasisi wa toleo hilo alipata sihiri za kujikuza mwili na kujiongezea nguvu hadi akapigana kama mpiganaji au zaidi yake, huku ameshika sihiri zake hadi daraja la tisa. Druidi, aliyejigeuza mnyama na kuongozana na mnyama mwingine, alifanya vivyo hivyo. Yule kasisi wa 1974 aliyekuwa na uwanja wake sasa aliingia katika uwanja wa mpiganaji bila hodi. Kwa mujibu wa jedwali hakuna kilichokuwa kimevunjwa, kwa kuwa kasisi alikuwa na taaluma moja tu. Jedwali lilihesabu taaluma, halikuhesabu nyanja.

Gandalf Shimoni

Kuna maoni ya upande wa pili, nayo hayastahili kupuuzwa. Wapo wanaoshikilia kwamba mchezo wa dhima ni ushirikiano na si mashindano, hivyo kupimana nguvu ni tabia ya duka. Hadithi nzuri, wanasema, haina mizani. Katika The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, Gandalf anabeba fimbo ya sihiri na upanga, na kando yake wanatembea watu wafupi wasiojua vita, wala hakuna msomaji anayelalamika.

Mfano huo unathibitisha kinyume cha unachokusudia. Gandalf haandamani na wenzake mpaka mwisho. Anaanguka katika mashimo ya Moria, na ni baada ya kuanguka kwake ndipo Aragorn anapolazimika kuongoza na Frodo anapolazimika kuamua. Anaporudi, kundi limekwisha kugawanyika, naye haendi njia moja na mbeba pete. Huo ni uwiano, tena uliosimamiwa kwa mkono wa chuma. Ila anayeusimamia ni mtunzi, na Gandalf hana mchezaji wa kurudi nyumbani amenuna. Elric wa Michael Moorcock, mfalme msihiri mwenye upanga unaokunywa roho, ni mfano mkali zaidi. Nguvu zake zinalipiwa na udhaifu wa mwili wake na kwa roho za walio karibu naye, wakiwamo wampendao. Riwaya inaweza kuilipa bei hiyo kwa sababu wanaoteketea ni wahusika wa pembeni. Mezani hakuna mhusika wa pembeni miongoni mwa wachezaji. Gygax aliwataja Moorcock na Tolkien katika orodha ya waandishi waliomwathiri aliyoiambatisha kwenye kitabu cha msimamizi cha mwaka wa 1979, na yaelekea ugumu mwingi wa mhusika mseto umetokana na jitihada ya kumleta mezani shujaa aliyeumbwa kwa ajili ya hadithi ya mtu mmoja.

Kinachopotea pale mizani inapokosekana si ushindi, kwani kikundi chaweza kushinda kila pambano. Kinachopotea ni sababu ya mmoja wao kufungua kinywa. Mchezaji ambaye kila atakalofanya mwenzake analifanya vizuri zaidi huanza kurusha dadu bila kusimulia, kisha huanza kuangalia saa.

Tendo Lisilogawika

Suluhisho la maana zaidi halikutokana na kugawa vipimo upya. Lilitokana na swali tofauti: ni tendo gani ambalo mseto hutenda na wazazi wake wawili hawawezi? Fasihi ya pwani ina kielelezo cha swali hili kilicho bora kuliko vingi. Fumo Liyongo ni shujaa wa upinde na ni malenga, na katika masimulizi yake, likiwamo lile la utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka wa 1913, sifa hizi mbili hazikai kando kando kama nguo mbili sandukuni. Akiwa kifungoni, anamtumia mamaye ujumbe wa tupa iliyofichwa ndani ya mkate kwa njia ya mashairi ambayo walinzi hawakuyang'amua, na kelele za ngoma ndizo zinazofunika sauti ya pingu zinazokatwa. Mpiganaji asiye malenga angebaki gerezani. Malenga asiye na mikono ya shujaa angeimba vizuri na kunyongwa. Kutoroka kwenyewe ni tendo moja, wala haliwezi kugawanywa nusu iwe ya wimbo na nusu iwe ya nguvu.

Toleo la tatu lilianza kulielewa jambo hili likiwa limezeeka. Kitabu cha ziada cha mwaka wa 2006 kilileta taaluma ya mpiga upanga aliyepitisha sihiri yake ndani ya silaha, hata pigo na sihiri vikafika pamoja, na sihiri zake zikaishia daraja la tano. Pathfinder ikalikamilisha wazo hilo mwaka wa 2011 kwa taaluma ya magusi. Magusi hushika silaha kwa mkono mmoja na kuuacha wa pili mtupu kwa ajili ya sihiri. Katika zamu moja hupiga na kusihiri, kwa kulipia upungufu mdogo wa shabaha, na sihiri ya kugusa huweza kusafiri juu ya makali ya upanga. Madaraja yake ni sita. Msihiri anamzidi kwa mbali katika upana wa maajabu, mpiganaji anamzidi kwa uthabiti wa kupiga, lakini hakuna yeyote kati yao anayeweza kuliiga tendo lake. Ule uwanja wa kasisi wa 1974 umerudi kwa sura nyingine.

Toleo la nne la Dungeons & Dragons, la mwaka wa 2008, lilikuwa limejaribu njia nyingine, ya kuzipa taaluma zote muundo mmoja wa uwezo wa kila mara, wa kila pambano na wa kila siku. Mpiga upanga msihiri wa toleo hilo alisimama sawasawa na wenzake, na mwaka wa 2010 ziliongezwa kanuni za kuunganisha taaluma mbili nusu kwa nusu. Mizani ilikuwa imara. Wengi walilalamika kwamba sauti za taaluma zilifanana mno, na lalamiko hilo lina ukweli. Penye kufanana kwa muundo, mseto hana cha kuchanganya.

Magusi naye hakukosa dosari. Kwa kuwa kanuni zilizidisha madhara ya pigo la bahati, na upanga wa jambia pana ulipata pigo hilo mara nyingi zaidi, wachezaji wengi waligundua sihiri moja ya daraja la kwanza, ile ya mguso wa umeme, wakairudia zamu baada ya zamu. Taaluma iliyotungwa kwa ajili ya kuoanisha sanaa mbili ikageuka ubeti mmoja unaokaririwa. Toleo la pili la Pathfinder lilitoka mwaka wa 2019, na magusi alipoingizwa humo mwaka wa 2021 alikuwa ametiwa lijamu. Zamu ina matendo matatu. Pigo lake la sihiri hula mawili, na baada yake ni lazima alichaji upya kwa tendo jingine kabla ya kulirudia. Nafasi zake za sihiri za kila siku hazizidi nne, zote katika madaraja ya juu anayoyafikia. Wapo walioona huo ni ubahili. Lakini kanuni hiyo ina mdundo ambao ile ya 2011 haikuwa nao: pigo, kisha pumzi, na katika pumzi hiyo wenzake wanapata nafasi ya kutenda.

Paladini na Kiapo Chake

Toleo la tano la mwaka wa 2014 lilishughulikia mseto kwa sehemu. Msihiri huhesabiwa mzima; paladini na mlinzi wa mwitu nusu; mkondo wa askari-msihiri ulio ndani ya upiganaji theluthi. Paladini huishia daraja la tano, naye hulifikia katika ngazi ya 17. Askari-msihiri huishia la nne katika ngazi ya 19. Kwa anayechanganya taaluma, sehemu hizo hujumlishwa ili kupata idadi ya nafasi zake za sihiri, na hivyo lile kosa la 2000 likapunguzwa makali. Ni hesabu safi. Hata hivyo uhai wa paladini hautokani na nusu yake hiyo. Unatokana na pigo takatifu, ambalo hugeuza nafasi ya sihiri kuwa madhara ya upanga: dadu mbili za pande nane kwa nafasi ya daraja la kwanza, na moja zaidi kwa kila daraja linalofuata, zisizidi tano kwa adui wa kawaida.

Mchezaji wa 2014 aliamua kulitumia baada ya kujua kwamba upanga umempata adui, na hata baada ya kuona kwamba ni pigo la bahati ambalo dadu zake zote hurushwa maradufu. Hakupoteza kitu kamwe. Aliweza pia kulirudia kwa kila pigo la zamu hiyo, na mpinzani mkuu wa hadithi, aliyeandaliwa na msimamizi kwa majuma kadhaa, aliweza kuanguka kabla wachezaji wengine hawajafikiwa. Marekebisho ya mwaka wa 2024 yalilifanya pigo takatifu kuwa sihiri inayotumia tendo la ziada, hivyo mara moja tu katika zamu. Kupunguza idadi kulikuwa sahihi. Kuliita sihiri kulikuwa kosa. Sasa pigo hilo linahitaji sauti, huzimika penye ukimya wa kisihiri, na msihiri wa upande wa adui aweza kulitangua kama anavyotangua sihiri nyingine yoyote. Kiapo cha paladini, kilichokuwa tendo lake asilogawana na mtu, kimeingizwa katika orodha moja na mshumaa unaowashwa kwa maneno. Mizani imepatikana kwa kumrudisha katika uwanja wa mwingine.

Manju ndiye kesi ngumu kuliko zote. Alianza katika jarida la TSR mwaka wa 1976. Mwaka wa 1978 alitupwa kwenye kiambatisho, ambapo ilimlazimu mtu awe mpiganaji kwanza, kisha mwizi, ndipo ajifunze chini ya druidi. Mwaka wa 2014 alipewa madaraja yote tisa, pamoja na deraya nyepesi na upanga. Kwa jedwali la sehemu yeye ni mzima, na ilitarajiwa kwamba angewameza wenzake. Hakuwameza wote, kwa sababu tendo lake la asili ni kumpa mwenzake dadu: manju huimba, na anayefanikiwa ni mwingine, katika zamu ya huyo mwingine. Ni mseto ambaye sehemu ya nguvu zake hutumika nje ya uwanja wake kwa ridhaa ya mwenye uwanja.

Lakini kitabu hicho hicho kilimruhusu, afikapo ngazi ya 10, achague sihiri mbili kutoka taaluma yoyote. Wengi walichagua ile ya podo jepesi, ya daraja la tano, inayomwezesha mpiga upinde kufyatua mishale miwili zaidi katika kila zamu. Sihiri hiyo ni ya mlinzi wa mwitu, na mlinzi wa mwitu mwenyewe huifikia katika ngazi ya 17. Marekebisho ya 2024 yaliufunga mlango huo, na tangu hapo manju huchota kutoka orodha za kasisi, druidi na msihiri, mbali na yake mwenyewe. Mlinzi wa mwitu na paladini walisikilizwa. Wale watatu wengine bado nyumba zao zi wazi.